Miaka sita kwenye simu, sasa wanataka niwasikilize wenzangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Pole na kazi. Barua hii nimeiandika mara tatu nikafuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Nina miaka 29, naishi Kimara, Dar es Salaam. Ni mhudumu wa wateja kwenye kolsenta inayopokea simu za mtandao mmoja wa simu. Nasema "inayopokea simu za" kwa makusudi, maana watu wakiniona na fulana yenye nembo hudhani nimeajiriwa na mtandao wenyewe. Mwajiri wangu ni kampuni ya wakala. Mikataba yetu ni ya mwaka mmoja mmoja, na kila ikifika Novemba tunakaa roho juu, nani kaitwa kusaini, nani kapitwa.

Nilianza Novemba 2019, nimetoka chuo na shahada yangu ya sosholojia. Ulikuwa msimu wa kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ilikuwa 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari, halafu laini zikaanza kuzimwa na mimi ndiyo kwanza nimeachwa mezani peke yangu. Nikajiambia nakaa miezi sita tu, natafuta kazi ya maana. Julai 2021 tozo za miamala zikanikuta bado nipo, watu wananitukana kama vile mimi ndiye Waziri wa Fedha. Na leo bado nipo.

Kazi yenyewe ni hivi. Ukimaliza simu moja, nyingine imeshalia sikioni. Bando limeisha kabla ya muda. Kanunua umeme, tokeni haijaja. Kasahau namba ya siri. Kaibiwa simu na hela zimo ndani. Wapo wanaopiga saa nane usiku kwa sababu tu hawana usingizi, na hao nawapenda. Siku nikimpigia mteja mwenyewe nimpe majibu ya tatizo lake, ananiambia "wewe ni wale wa tuma kwenye namba hii", anakata.

Mwezi uliopita alipiga mzee mmoja wa Sumbawanga. Alikuwa ametuma ada ya mjukuu, laki nne na themanini, akakosea tarakimu moja, 7 badala ya 1. Kusoma ujumbe wa muamala hawezi, mjukuu ndiye anamsomea, na mjukuu mwenyewe analia. Sisi tunatakiwa simu isizidi dakika nne. Nilikaa naye dakika kumi na tisa. Nikamhakiki, nikaandika kesi, nikaituma kwa wanaoshughulikia marejesho, nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida nini kinafuata. Wiki iliyofuata watu wa ubora wakaichagua simu hiyo kuisikiliza. Nimepata alama 61 kwa mia. Makosa: nimezidisha muda, na mwishoni sikumtangazia bando jipya.

Mama, kuna kitu kingine kinanitisha. Mteja akinitukana, hedifoni yangu ina kitufe cha kuzima sauti upande wangu. Nakibonyeza kwa kidole gumba, navuta pumzi, naachia, naendelea kwa sauti ile ile ya tabasamu. Sasa nikigombana na mchumba wangu nyumbani, najikuta nabonyeza paja langu kwa kidole gumba. Yeye ndiye aliyeona, mimi nilikuwa sijui. Akaniuliza, "Huwa unatafuta nini hapo?"

Mshahara wangu kwenye karatasi ni laki sita. Mkononi inaingia elfu 426, maana nakatwa NSSF, kodi, na Bodi ya Mikopo.

Sasa wameniita. Wanataka niwe tim lida, kwa laki saba na themanini. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzangu wangenishangaa nikikataa, lakini tim lida kwetu ndiye anayesikiliza simu za wenzake zilizorekodiwa, anawapa alama, anawaandikia barua. Nina rafiki, nimwite Z. Ana mtoto wa miezi mitano. Kila shifti anaweka mashine kwenye hali ya "naandika ripoti ya simu", anakimbia chooni kukamua maziwa, dakika kumi na mbili, wakati mwingine kumi na tano. Timu nzima tunajua na tunamfichia. Nikiwa tim lida, jina lake litanitokea kwenye skrini kwa rangi nyekundu kila siku. Nitamwandikia barua Z? Kuna siku nimeishiwa nauli na yeye ndiye aliyenilipia.

Upande mwingine binamu yangu yuko Dubai, kwenye duka la simu. Ananiambia niende na visa ya matembezi, kazi ya mapokezi nitapata nikifika, kwa Kiingereza changu na uzoefu wangu. Dalali anataka milioni mbili na laki nane. Nina akiba ya milioni moja na laki tisa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Korogwe. Aliuza shamba nisome. Watu wakimuuliza binti yako anafanya nini Dar, anasema, "Bado anapokea simu." Hiyo "bado" inaniuma kuliko matusi ya wateja.

Kusema kweli, miaka sita sijajifunza kitu zaidi ya kupokea simu. Sina siri ya kampuni niliyoiuza, sina kosa. Hata shemeji yangu aliponiomba nimtolee orodha ya simu za mke wake nilimkatalia, hatuongei mpaka leo. Lakini kutokuwa na kosa si taaluma. Na sasa kuna roboti wa kujibu ujumbe, kila mwezi tunaambiwa wanafundishwa Kiswahili vizuri zaidi. Je, kazi hii ina mbele? Nikubali, niende, au nianze upya kabisa?

Wako,
Aliyechoka kutabasamu, Kimara


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na shifti.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi. Pale kwenye kidole gumba niliiweka chini kwanza, nikaenda kunywa chai. Nitaparudia.

Unaniuliza kama kazi ya huduma kwa wateja ina mbele. Lakini ukiisoma barua yako kama vile imeandikwa na mtu mwingine, utaona swali hilo lina mistari michache mno. Kurasa zingine zote zinahusu mkataba unaokatika kila Novemba, Z na maziwa yake, neno moja la baba, na alama 61. Nina mashaka kwamba kazi yenyewe hujaichoka. Mtu aliyeichoka angemkatia yule mzee dakika ya tatu. Huenda umechoka kuifanya vizuri mahali ambapo kuifanya vizuri kunaitwa kosa. Naweza kuwa nakosea, utaniambia.

Tuanze na hela, maana hela hazina aibu. Toka laki sita hadi laki saba na themanini ni ongezeko la laki moja na themanini. Nimechukua kalamu. NSSF, kama kwenu wanakata ile asilimia 10 ya kawaida, ni elfu 78. Bodi ya Mikopo asilimia 15, elfu 117. Kodi ya mshahara inapanda, maana sehemu kubwa zaidi ya mshahara wako sasa inaangukia kwenye daraja la asilimia 20. Nimepata kama elfu 56. Mkononi inabaki kama 528,600. Kwa hiyo laki moja na themanini ya kwenye barua ni laki moja na elfu mbili na ushee ya kwenye mkoba. Si ndogo kwa anayelipa kodi ya nyumba miezi sita kwa mpigo. Ila ukubali au ukatae ukiwa na namba ya mkononi, usiwe na ile ya kwenye barua.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi mpaka wameshasaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Vifungu hivyo havimgusi mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Tim lida wa kwenu anahesabiwa upande upi? Je, akibaki saa mbili baada ya shifti kwa sababu mtu wake hakutokea, analipwa? Kama halipwi, ile laki na elfu mbili inaweza kuliwa na saa za ziada unazozipata leo kama mhudumu wa kawaida. Muulize tim lida wa sasa, akuonyeshe karatasi yake ya mshahara ya mwezi wenye kazi nyingi. Akikuficha, hilo nalo ni jibu.

Sasa Z. Hapa nikuombe utulie.

Umeandika kwamba mnamfichia, kana kwamba mnaficha wizi. Sheria hiyo hiyo ya 2004, kwenye kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa mbili, mwanangu. Rafiki yako anaiba dakika kumi na mbili chooni katika kitu ambacho ameandikiwa saa mbili. Sheria inataja kunyonyesha, kukamua haikutajwa, na mwajiri mbishi anaweza kushika neno hilo. Lakini mtoto wa Z hawezi kuletwa kolsenta, na maziwa hayasubiri. Hayo ni mazungumzo ya mezani na watu wa rasilimali watu, na Z mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuamua kama anataka yafanyike. Wewe ukiyafungua bila ridhaa yake, unaweza kumwonyesha kidole ukidhani unamtetea.

Unaona jinsi swali linavyogeuka? Ulikuwa unajiuliza, "Nitamwandikia barua Z?" Mimi najiuliza nani atakuwa tim lida wa Z usipokuwa wewe. Sisemi hivyo ili nikusukume ukubali. Inawezekana ukakubali, ukapeleka jambo lake mezani, wakakuambia mteja wao mkubwa anataka takwimu za dakika na si habari za maziwa. Hapo utakuwa na cheo, utakuwa na skrini nyekundu, na utakuwa na Z anayekutazama. Hatari hiyo ipo na ni kubwa, maana kampuni ya wakala nayo inabanwa na mkataba wake. Ndiyo maana ningeuliza kabla: tim lida ana mamlaka gani hasa? Anaweza kubadili ratiba ya mtu? Anaweza kupinga alama za watu wa ubora? Au yeye ni mkono wa kupitisha karatasi tu? Yale waliyokuita kukuambia ulisikiliza, lakini barua yako haionyeshi kwamba uliwauliza chochote. Miaka sita umekaa upande wa kuulizwa, mazoea hayo hayatoki kirahisi.

Tukiwa hapo hapo: ile simu ya Sumbawanga ungepewa wewe uipime, ungeipa alama ngapi? Iandike hiyo namba mahali, na uandike kwa nini. Usinitumie, baki nayo.

Nije kwenye sentensi iliyonifanya nikunje uso. "Miaka sita sijajifunza kitu zaidi ya kupokea simu." Mstari mmoja baadaye unataja, kama vile unapita tu, kwamba shemeji alitaka orodha ya simu za mke wake ukamkatalia, na hamuongei. Umeliandika kama jambo la ukoo. Mimi nimelisoma mara tatu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa ziwe na afisa wa kuzilinda. Mabenki nayo tangu kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha yanatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea na kumaliza malalamiko. Meza hizo zinataka mtu wa namna gani? Anayejua jinsi tapeli anavyoongea, kwa sababu ameongea na waliotapeliwa elfu kadhaa. Anayeweza kumhakiki mtu bila kumdhalilisha. Anayemkatalia shemeji.

Sikudanganyi kwamba wanakusubiri mlangoni. Matangazo ya kazi hizo yataomba vyeti usivyokuwa navyo, mengine sheria, mengine ukaguzi au mifumo ya kompyuta, na kwenye wasifu wako neno "kolsenta" litawafanya wengine wageuze ukurasa. Hapo cheo cha tim lida kinaweza kukusaidia kwa sababu kinaonekana. Kinaweza pia kukugandisha. Nimewahi kupata barua za watu waliokuwa tim lida miaka minane, wanasema kila kazi waliyoomba nje walionekana wasimamizi wa watu wa simu na basi. Kuna njia ya pembeni ambayo hukuitaja: hao "wanaoshughulikia marejesho" uliowatumia kesi ya mzee, na wale wanaofuatilia utapeli, si wanakaa jengo lile lile? Wanachukuliwa kutoka wapi? Je, wao nao ni wa wakala au wameajiriwa na mtandao? Kuhama meza wakati mwingine kunafaa kuliko kupanda ngazi, japo mshahara unaweza usisogee hata senti. Na kama ni kusoma, Chuo Kikuu Huria kimekuwepo tangu 1992 kwa ajili ya watu wenye shifti, ila mtu wa usiku anayesoma mchana analipa kwa usingizi, na wewe akaunti yako ya usingizi naona imeshakaribia sifuri.

Kuhusu roboti. Kampuni moja ya malipo ya Sweden, Klarna, ilitangaza Februari 2024 kwamba msaidizi wake wa akili bandia anafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake mkuu akakiri kwamba walitazama gharama mno, ubora ukashuka, wakaanza tena kutafuta watu. Wapo watakaokutolea habari hiyo kama faraja. Mimi naisoma kwa tahadhari. Simu za "bando langu limebaki kiasi gani" zitaondoka, na huenda zisirudi. Zitakazobaki ni za akina mzee wa Sumbawanga, kutwa nzima, mfululizo, bila zile nyepesi za katikati zinazokupa pumzi. Kwa hiyo hofu yangu kwako ni tofauti kidogo na yako: kazi itakayobaki inaweza kuwa nzito maradufu na bado ikapimwa kwa dakika nne. Nani atakayewaambia wakubwa kwamba kipimo hicho kimepitwa? Sijui kama ni wewe. Lazima awe mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho.

Dubai nitakuwa mfupi na nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Kwenda kufanya kazi ughaibuni si kosa, wamekwenda wengi wakajenga. Ninachokiogopa ni visa ya matembezi. Mwenye visa hiyo haruhusiwi kufanya kazi kule, na ukikamatwa umefanya, mwenye tatizo ni wewe, dalali yuko Kariakoo anakula chipsi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Basi hizo milioni mbili na laki nane ni za nini? Akuandikie moja baada ya nyingine. Kama kuna mwajiri wa kweli, kuna barua yenye jina lake na mshahara. Peleka TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, au ofisi ya Kamishna wa Kazi waitazame, uulize na leseni ya huyo wakala. Na unazo milioni moja na laki tisa. Hizo laki tisa zinazopungua ungezikopa kwa nani? Deni la safari huanza kudai kabla hata hujafungua begi.

Kuna hesabu nyingine ndogo inayohusu safari na inayohusu hata kubaki. Pensheni ya uzeeni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Kwa miaka sita unapaswa kuwa na kama 72. Nasema unapaswa. Omba taarifa yako ya michango uone kama wakala wako amekuwa akipeleka kila mwezi au anakukata tu. Na ile mikataba sita, kama unazo nakala zote, mpelekee mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria azisome kwa pamoja. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja isiyokatika huwa na maana yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini inategemea imeandikwaje, mimi siwezi kuitafsiri kutoka hapa nilipo.

Baba. Ni mwalimu, siyo? Basi yeye naye amejibu maswali yale yale kwa miaka thelathini, kwa subira, kwa watu wasiosikiliza, na mshahara uliochelewa. Sijui kama "bado" yake ni aibu. Inawezekana ni hofu ya mzee aliyeuza shamba na hajui kama mwanawe yuko salama. Umewahi kumsimulia kazi yako hasa ikoje? Sizungumzii mshahara. Ningekuwa wewe ningemsimulia simu ile moja ya dakika kumi na tisa, ada ya mjukuu na tarakimu ya 7. Mwalimu mstaafu wa Korogwe ataielewa simu hiyo kuliko watu wa ubora. Ama ataguna tu abadili mazungumzo, wazee wetu tunawajua. Lakini utakuwa umemsimulia.

Nimerudi kwenye kidole gumba. Mchumba wako alikuuliza, "Huwa unatafuta nini hapo?" Hukuniandikia ulimjibu nini. Mtu akilipwa ili sauti yake itabasamu saa nane kwa siku, hasira haiishi, inahama tu makazi; kwako imehamia kwenye paja. Hilo halitaondolewa na cheo wala na ndege ya Dubai, maana kidole utasafiri nacho. Kijana huyu ameona kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiona, na akauliza badala ya kucheka. Ningeanzia kwake. Msigombane kwanza, mwambie tu jinsi siku ya matusi inavyokuwa kuanzia kuingia hadi kutoka, bila kubonyeza chochote. Ukiona usingizi hauji hata siku za mapumziko, au unalia kwenye mwendokasi bila sababu, tafuta mtu wa kuzungumza naye hospitalini, zipo kliniki za afya ya akili na hakuna atakayekuona kichaa. Na hili la kazi usiliamue asubuhi unapotoka shifti ya usiku. Saa hizo hata Sumbawanga inaonekana karibu.

Mwisho wa mwezi haujafika. Zungumza na Z kabla ya kuzungumza na wakubwa, kisha rudi kwao na maswali yako yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Watakachokujibu, na namna watakavyokujibu, utakipima mwenyewe; una sikio hilo, hakuna aliyekupa bure.

Ukipata nafasi niandikie tena, nina jambo moja limenikaa kichwani tangu jana. Yule mzee, ada ya mjukuu ilirudi? Hukusema. Na kama hujui, kwa kuwa kesi ikishatoka mezani kwako huioni tena, nalo niandikie.

Mama Mshauri